Gemu Haipandi Treni

Mama yangu anauza dagaa. Ananunua Kibirizi, huku kwetu Kigoma, alfajiri mitumbwi ikirudi, anaanika, kisha mzigo unapanda treni kwenda kwa mama mdogo Kariakoo. Kwa hiyo habari ya kitu kimoja kuwa na bei mbili haimshangazi hata kidogo. Gunia likifika Dar limeshalipiwa kuli, ushuru na nauli. Lazima lipande.

Juzi alinikuta sebuleni nanung'unika mbele ya laptopu. Gemu niliyoitaka kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilikuwa dola 60, kama laki moja na nusu ya kwetu. Nikamwambia India gemu kama hiyo wanaweza kuipata kwa karibu nusu ya hapo.

"Kwani inatengenezwa huko?"

"Hapana, mama."

"Sasa ya kwako imekuja na treni gani?"

Haikuja na treni. Imekuja kwa bando, na bando nimenunua mwenyewe! Nikajaribu kumweleza kwamba muuza gemu hahesabu nauli, anahesabu mfuko wa mnunuzi. Nakala moja zaidi haimgharimu karibu chochote, kwa hiyo afadhali amuuzie Mhindi kwa bei ndogo kuliko kumkosa kabisa. Steam inapendekeza bei kwa kila sarafu iliyomo kwenye duka lake, mwenye gemu anaamua. Rupia ya India imo. Randi ya Afrika Kusini imo. Shilingi yetu haimo, tunalipa kwa dola, na mara nyingi bei aliyopangiwa mtu wa Chicago ndiyo hiyohiyo ya fundi simu wa Mwanga, Kigoma.

Mwaka 2022 nilijifanya mjanja. Lira ya Uturuki ilikuwa inaporomoka na bei za gemu kule zilichelewa kuifuata, basi watu wa kila pembe wakageuka Waturuki. Na mimi nikanunua akaunti ya Kituruki kwa jamaa mmoja wa mtandaoni, elfu ishirini. Nikaweka gemu mbili. Wiki ya tatu nywila ikakataa, jamaa naye hapokei, hajibu. Nahisi aliichukua tena akaunti akamuuzia mjinga mwingine, pamoja na gemu zangu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe Muha mzima ukajiita Mturuki?"

Novemba 2023 Steam ikaiondoa lira, pamoja na peso ya Argentina, ikaweka dola. Sababu waliyoitoa ni kuyumba kwa sarafu. Bei zikaruka kwa vijana wanaoishi kule kweli, wanaolipwa kwa lira na peso. Wageni kama mimi tulihama tu, tukatafute nchi nyingine ya kujisingizia. Hilo sikumwambia mama, maana nilijua angeniangaliaje.

Alichoniambia yeye ni cha ziwani. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, bei inapanda. Mwenye akili hanunui siku hizo.

"Hiyo ni bei ya mbalamwezi. Subiri giza."

Nimeiweka gemu kwenye orodha ya kusubiri, maana mwishoni mwa Desemba huwa wanashusha bei. Tangu siku hiyo, kila nikifunua laptopu, mama anauliza kutoka jikoni kama mwezi umeshazama.