Jua limekunywa

Jana mwanangu karudi shule na habari moja tu: maji yakipigwa jua yanageuka mvuke. Mwalimu kawaanikia kitambaa kibichi dirishani, hadi wanatoka kimekauka. Ananieleza kanikazia macho, kana kwamba mimi ndiye sijui. Nikamwambia hilo alishaliona akiwa na miaka miwili. Akacheka, akadhani namtania.

Ilikuwa Novemba 2022, ule mwezi wa mgao wa maji, mto Ruvu umepungua na Dar nzima inazunguka na madumu. Wa Tabata mnajua. Feni inasukuma hewa ya moto, mtoto ana vipele vya joto shingoni na analia tangu alfajiri. Mama mkwe alikuwa kaja kutoka Pangani kututazama, akawa anautazama na mji wetu, kwa jicho lile.

Kabla ya mgao tulikuwa na beseni uani, vikombe na vifuniko vya soda, mtoto anahamisha maji saa nzima huku nakaa naye ubavuni. Mgao ulipoanza, mchezo wa beseni ukafutwa. Ndipo nikakumbuka brashi iliyobaki tulipopaka chumba. Nikachukua maji niliyooshea mchele, vikombe viwili tu, nikayatia kwenye kopo la siagi. Saa nne, kofia kichwani, mbele ya ukuta wa tofali usiopigwa lipu. Haya, fundi, paka rangi.

Tofali la saruji likilowa huwa jeusi kabisa. Akachovya, akavuta mstari, akarudi nyuma kuukagua, kitumbo mbele, pampasi imelegea. Akavuta wa pili. Alipokuwa kwenye wa tatu, wa kwanza umeshakwisha. Akasimama. Akaweka kiganja pale ulipokuwa, akakigeuza, akakinusa. Akainama kutazama chini ya ukuta. Akanizunguka akanitazama mgongoni, labda nimeuficha.

"Enda api?"

Mimi nikabaki nacheka. Mama mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamika kwamba watu wa mjini tunapaka ukuta kwa maji ya kununua, akavuta kigoda akasogea. "Jua limekunywa, mume wangu," akamwambia. "Lina kiu kama wewe."

Mtoto akaangalia juu, akafumba macho kwa mwanga. "Jua kiu." Akachovya tena, safari hii polepole, anaibandika brashi ukutani na kusubiri, kama anayemnywesha mgonjwa. Kila mstari ukiisha anamgeukia bibi yake: "Mekunywa!" Na bibi anaitika, "Limekunywa, lete tena." Sijui walikwenda hivyo mara ngapi. Nasikia harufu ile hadi leo, tofali la moto na maji ya mchele.

Nikaingia jikoni kugeuza samaki. Kopo lilikuwa limekauka, na yeye akanifuata kimyakimya hadi kwenye ndoo ya maji ya kunywa, lita 20, niliyoyachemsha usiku umeme uliporudi. Niligeuka kakumbatia ukingo, kichwa kiko ndani. Nikamvuta, ndoo ikaja naye, yote sakafuni.

Nikamchapa. Makofi mawili, mapajani.

Nilijiambia ni hofu. Mtoto wa umri ule maji ya kina cha kiganja yanamtosha kuzama, na ndiyo maana nilimpa kopo, si ndoo. Lakini nakumbuka vizuri kwamba mkono uliponyanyuka nilikuwa naangalia sakafu, si yeye. Mama mkwe akamchukua bila kusema neno. Alikaa siku nne zaidi na hakutaja tena habari ya maji, na hilo ndilo lililonichoma.

Jana nikamsimulia mwanangu yote, hadi kwenye ndoo. Hakumbuki chochote, hata brashi.

"Sasa kwa nini nilimwaga?"

"Ulikuwa unalipelekea jua."

Akafikiri kidogo. "Halafu wewe ukafanyaje?"

Nikamuuliza kama ana hesabu za kesho.