Kushuka Dar Wakati Wenzangu Wanapanda

“Mangi, wenzako wanapanda, wewe unashuka?” konda aliniuliza tulipotoka stendi ya Moshi alfajiri. Swali halali kabisa. Ilikuwa tarehe 22 Desemba, na siku kadhaa Wachaga walikuwa wanamiminika kutoka Dar kuja kwao kula Krismasi, kwa mabasi ya kawaida, kwa mabasi ya nyongeza yaliyopewa vibali vya muda na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kwa magari madogo yaliyofungwa magodoro juu. Basi letu lilikuwa nusu tupu. Nilijitanua kwenye viti viwili, miguuni nimebana kiroba cha ndizi mshare.

Kiroba hakikuwa changu. Nilikabidhiwa na mama mmoja wa Uru nimpelekee mwanawe, kijana niliyemfundisha Kiswahili sekondari. Yeye ndiye aliyenipigia simu: “Shikamoo mwalimu. Kuna usomaji Mikocheni, waandishi chipukizi na wasanii wa jukwaani, mada ni sikukuu. Na mimi nasoma. Njoo ukiweza.” Mama yake hakuambiwa habari hizo. Yeye alichoambiwa ni kwamba Krismasi hii kazi imembana mtoto, hataweza kupanda.

Mwanga, Same, Hedaru. Milima ya Upare kushoto, halafu ya Usambara, na upande wa pili wa barabara msururu usiokatika wa mabasi yanayokuja kwetu. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, mengine yalikuwa yameondoka Dar jioni na sasa abiria wake walikuwa wamelala vinywa wazi dirishani. Korogwe tulishuka kula, dakika chache za kawaida, chipsi na kuku wa bei ya sikukuu. Wami tulipita bila foleni. Nani asiyekumbuka lile daraja la zamani, jembamba, gari moja moja? Jipya limeanza kutumika mwaka 2022, lina urefu wa zaidi ya mita 500, na dereva hakupunguza hata gia.

Chalinze joto likatuvaa rasmi. Saa tisa na nusu alasiri tuliingia Mbezi, kituo cha Magufuli, ambako nilipingana na umati wa watu wanaotafuta siti za kwenda Moshi. Mpiga debe mmoja alinishika mkono kabisa, “Mzee, Moshi, Arusha, moja imebaki!” Nikamwambia ndiyo kwanza nimetoka huko. Alinitazama kama mtu asiye na akili timamu. Nikapanda daladala ya Makumbusho, kiroba mapajani, na kutoka hapo bodaboda hadi Mikocheni.

Usomaji ulifanyika kwenye ua wa nyumba, chini ya mwembe. Viti vya plastiki, spika mbili, taa za rangi zimezungushwa kwenye shina, na mama mmoja pembeni anakaanga kachori. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Nilitegemea jiji limehama lote, kumbe waliobaki ndio hasa wenye la kusema juu ya sikukuu.

Mshereheshaji alianza kwa kutukumbusha kwamba Shaaban Robert alizaliwa Januari mosi, mwaka 1909, kwa hiyo Mwaka Mpya ni sikukuu ya waandishi pia. Tukapiga makofi. Akapanda mzee mwenye kanzu akaghani shairi la tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa, kama alivyoelekeza Sheikh Amri Abedi katika kanuni zake za mwaka 1954, kabla hajawa meya wa Dar. (Ndiye huyo mwenye jina lililopewa uwanja wa mpira Arusha, wanafunzi wangu wengi hudhani alikuwa mchezaji mpira.) Kibwagizo cha mzee kilikuwa: “Sikukuu ya mjini, haina bibi na babu.” Ubeti wa pili ulipoisha, ua mzima ulikuwa unaitikia, na muuza kachori naye.

Baada yake kazi zilipanda na kushuka. Binti wa Ilala alisoma kuhusu sahani za pilau zinazovuka ukuta wakati wa Idi na wakati wa Krismasi. Imeandikwa vizuri, ila tumeisikia. Kijana mmoja alituletea theluji, farasi na moto wa kuni sebuleni. Mimi nilikuwa nimetoka chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi ileile, na hata kwetu theluji haishuki mpaka migombani. Wengi walisoma haraka mno, macho kwenye karatasi, sauti inakwisha kabla ya sentensi.

Kilichonitikisa kilikuja na msichana mwembamba aliyefanya kazi za ndani Mbezi Beach. Alisimulia juu ya dada wa kazi anayeachiwa nyumba matajiri wake wakienda kwao kula Krismasi. Ameachiwa kilo mbili za mchele, umeme wa LUKU wa kubana, na maagizo kwamba asiwashe AC. Alikuwa anasoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Katikati ya hadithi kioo kikazima. Akaigonga kiganjani mara mbili, haikuwaka. Basi akaishusha, akamalizia kwa kichwa, na hapo ndipo alipotukamata: akaanza kuigiza sauti ya mama mwenye nyumba akipiga simu kutoka kijijini kuuliza kama mbwa amekula. Mbwa, si yeye. Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka kwa pamoja.

Kijana wangu alikuwa wa mwisho kabla ya wale wa muziki wa singeli. Hadithi yake ilihusu mtu aliyepanga chumba Kimara, anayesikia wapangaji wenzake wakifunga milango mmoja mmoja na kuondoka. Yeye habanwi na kazi. Kazi iliisha tangu Agosti. Anachokiogopa ni kikao cha ukoo baada ya Krismasi, baba mkubwa na daftari lake, kila jina linaitwa, kila mmoja anasimama kusema mwaka huu amechangia nini, huku ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikisubiri kukatwa. Akaeleza mpaka kalamu ya baba mkubwa, ya buluu, isiyo na kifuniko, inavyongoja juu ya mstari. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Kalamu ile naijua.

Aliposhuka nilimkabidhi kiroba. Akafungua, akanusa, akafunga tena.

“Shikamoo mwalimu. Imekuwaje?”

“Marahaba. Aya ya mwisho uifute. Ulishamaliza kwenye kalamu.”

Akacheka, akaitoa karatasi mfukoni na kuikata palepale kwa wino. Singeli ikaanza kupigwa, vijana wakaruka mbele, na tukalazimika kusogea kwenye geti ndipo tusikilizane.

“Mwalimu, ukirudi utamwambiaje mama?”

“Nitamwambia umesoma hadithi, na watu wamekupigia makofi.”

“Atauliza makofi yanalipa shilingi ngapi.”

Nikamwambia hilo amjibu mwenyewe, namba anayo.