Dakika Nzima

Nimerudi kutoka zamu ya usiku na usingizi umegoma. Nimeoga, nimefunga pazia, nimelala chali nikitazama dari karibu saa nzima, mwisho nikaona bora niamke niandike. Kuna jambo dogo limetokea usiku wa kuamkia leo, na kuna jingine la zamani ambalo sijawahi kuliandika popote. Yote mawili yanahusu kuhesabu pumzi za mgonjwa.

Asiyefanya kazi ya dharura hudhani mgonjwa wa kuogopwa ni yule anayepiga kelele. Nilipoanza uuguzi nami nilikuwa hivyo. Mtu akiingizwa kwa machela analia "nakufa, nakufa," miguu yangu ilikimbilia huko yenyewe. Miaka imenifundisha kwamba anayelia hivyo njia yake ya hewa iko wazi, kifua kinafanya kazi, na ubongo unapata damu ya kutosha kupanga maneno. Maumivu yake ni ya kweli na tutayatibu, lakini mara nyingi ana muda. Siku hizi macho yangu humtafuta aliyenyamaza. Mtoto mwenye pumu ambaye kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi dakika 10 zilizopita na sasa hakisikiki, huku bado anahangaika kuvuta hewa, huyo ndiye hunifanya nimwite daktari kwa sauti ya juu. Filimbi huhitaji hewa ipite. Ikikatika ghafla, huenda hakuna hewa inayopita.

Kazi ya meza ya triaji ni hiyo tu, kuamua nani aonwe kwanza. Neno lenyewe ni la Kifaransa, maana yake kuchambua. Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, alisisitiza kwamba majeruhi wahudumiwe kwa uzito wa jeraha bila kujali cheo. Nalipenda sana wazo hilo, na nimeona jinsi lilivyo gumu kulitimiza. Kwetu cheo siyo nyota za begani. Kwetu cheo ni sauti: mwenye ndugu watano wanaogonga meza hupata macho yetu kabla ya mzee aliyeketi kimya ukutani na mjukuu mmoja mwenye haya.

Sasa pumzi. Joto lina kipimajoto chake, presha ina mashine yake, mapigo na oksijeni husomwa na kile kibanio cha kidole. Pale mezani pumzi peke yake ndiyo inayodai macho ya mtu na saa ya mkononi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kuhesabu vizuri kunachukua dakika nzima. Ukiwa na watu 15 kwenye foleni, dakika nzima ni ndefu mno. Basi tunafanya nini? Tunamtupia mgonjwa jicho, tunaona kifua kinapanda na kushuka, tunaandika 18. Wengine wanapenda 20. Fungua mafaili ya zamu yenye pilikapilika uone: 18, 20, 18, 18, 20, utadhani wagonjwa wamepatana mlangoni. Na hata wale wanaohesabu, wengi huhesabu nusu dakika wakazidisha kwa mbili, au robo dakika wakazidisha kwa nne. Ndiyo maana namba zetu zote ni shufwa.

Mzee wangu nilimwandikia 18.

Ni miaka kadhaa sasa, na nimebadilisha mambo kadhaa asije akatambulika. Aliletwa jioni na binti yake. "Amechoka tu, sista. Tangu jana hataki kuongea." Nikampima. Joto 36.4, presha 108 kwa 60, mapigo 96, oksijeni 95. Nikaandika pumzi 18, nikampa rangi ya kijani, ya wanaoweza kusubiri, nikamwonyesha kiti. Aliniambia "ahsante mwanangu" na akaenda kuketi. Nyuma yake alikuwepo kijana aliyevunjika mkono akipiga mayowe.

Nilichokuwa nakijua darasani na sikukitumia jioni ile ni kwamba mzee anaweza kuwa na maambukizi makali ndani ya damu bila homa yoyote. Nilijua pia kwamba mwili ukizidiwa, mara nyingi pumzi huongezeka kabla presha haijaporomoka. Kwa muda, mapafu na moyo hukazana kuficha ubovu, na kibanio cha kidole kitaendelea kusoma 95 huku mwenye kidole akichoka kama mbeba mizigo. Hesabu ya pumzi ndiyo ingeniambia anakazana kiasi gani. Kwenye jedwali la alama za tahadhari lililotolewa Uingereza mwaka 2012, pumzi 25 au zaidi hupewa alama 3, ambazo ni za juu kabisa kwa kipimo kimoja, na zikitokea peke yake zinatosha kumwita daktari haraka.

Baada ya saa mbili na ushehe binti yake alikuja akanigusa bega taratibu, kana kwamba anaomba radhi kwa kunisumbua. "Sista, baba hanijibu." Ngozi ilikuwa na rangi ya majivu, miguu baridi mpaka magotini. Daktari wa zamu alisimama kando ya kitanda akiangalia saa yake, na nilimwona midomo ikihesabu. "Thelathini na sita," akasema. Tukafanya yote yanayofanywa: oksijeni, damu kwa ajili ya maabara, antibayotiki, dripu mikono yote miwili. Akapelekwa chumba cha uangalizi maalumu. Alifariki siku ya tatu.

Hakuna aliyenilaumu. Kwenye kikao cha kupitia kesi walisema idara ilifurika, wauguzi walikuwa wachache, dalili zilijificha, na hayo yote yalikuwa kweli. Sijui kama dakika moja yangu ingemwokoa. Ninachojua ni kwamba faili lilipopita mkononi mwangu niliona mwandiko wangu, 18, safi kabisa, na ile haikuwa hesabu iliyokosewa. Ilikuwa namba niliyoibuni na kutia saini chini yake. Hilo limenikaa rohoni kuliko kifo chenyewe, na vifo nimeshuhudia vingi.

Tangu siku hiyo nahesabu dakika nzima. Foleni iwe ndefu iwe fupi.

Kuna namna yake. Ukimwambia mtu "nahesabu pumzi zako," anaanza kupumua kwa kujitazama, mara ndefu mara fupi, na hesabu inaharibika. Basi unamshika kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo, unauweka mkono wake juu ya tumbo lake, halafu macho yako yanabaki kwenye kifua. Yeye anajua unaushughulikia mkono. Dakika nzima mmekaa hivyo, kimya, na mara nyingi hiyo ndiyo dakika pekee usiku huo ambayo mtu amemshika bila kumchoma sindano. Wengi hufumba macho. Wengine, ikifika sekunde ya 40 hivi, husema kitu ambacho hawakukisema walipoulizwa maswali. "Sista, nilianguka bafuni pia." "Sista, hizo dawa niliziacha mwezi uliopita."

Usiku wa kuamkia leo nilikuwa na mwanafunzi wa uuguzi, binti mtulivu, mwepesi wa mikono. Yapata saa nane aliletwa msichana mwenye umri kama wake, anatapika na kulalamika tumbo tangu jana yake. Mwanafunzi akampima, akaniletea karatasi. Joto sawa, presha sawa, mapigo 104, oksijeni 99. Pumzi 20.

"Umehesabu?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Naujua ukimya ule, nimewahi kuwa ndani yake.

Tulikwenda wote. Nikamshika msichana mkono, nikatazama kifua. Alikuwa ameketi, hajafanya kazi yoyote, lakini anapumua kwa kina kama mtu aliyepanda mlima mbio: 32. Nilipoinama karibu nikasikia harufu kwenye pumzi yake, tamu na kali, inayofanana na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Tukachoma kidole. Sukari 31, juu mno. Yeye wala nduguye hawakujua kwamba ana kisukari.

Adolf Kussmaul, daktari wa Kijerumani, aliieleza pumzi ya namna hiyo mwaka 1874. Insulini ikikosekana mwili huchoma mafuta, damu inajaa asidi, na mapafu hujaribu kuiondoa kwa kutoa kaboni dayoksaidi kwa nguvu. Ndiyo maana oksijeni ilikuwa 99. Mapafu yalikuwa mazima kabisa, yanafanya kazi ya kumwokoa mwenye nayo. Daktari alifika, tukaweka kanula mbili, dripu ya maji ya chumvi ikafunguliwa, na tukasubiri majibu ya potasiamu kabla ya kuanza insulini, kwa kuwa insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli na ikishuka mno moyo unaweza kusimama. Kulipopambazuka msichana alikuwa ameuliza mara mbili simu yake iko wapi. Nilifurahi sana kusikia swali hilo.

Wakati wa kusafisha meza mwanafunzi alinijia. "Sista, samahani kwa ile ishirini." Nikamwambia habari za mzee. Zaidi ya wale wa kwenye kikao, yeye ni mtu wa kwanza kuzisikia kutoka kinywani mwangu. Hakusema neno, na nilimshukuru moyoni kwa kutonifariji.

Nusu saa kabla ya kukabidhi zamu aliingia baba mmoja mwenye kikohozi. Mimi nilikuwa naandika ripoti, nikawaona kwa mbali: binti ameketi pembeni yake, kamshika kifundo cha mkono, mkono umelala tumboni, macho kifuani. Watu walikuwa wanapita, simu ya mezani inalia, hakugeuka. Kisha akaniletea karatasi niihakiki.

Kwenye kisanduku cha pumzi alikuwa ameandika 23. Niliitazama ile tatu kwa muda, kisha nikatia saini.