Umerudi Agosti? Usiipime timu kwa mabao ya tamasha

Aliyeondoka nchini kabla ya 2009 hakuiacha Simba Day, tamasha la klabu ya Simba la kufungua msimu kwa mechi ya kirafiki, na aliyeondoka kabla ya 2019 hakuiacha Wiki ya Mwananchi, tamasha kama hilo la watani wao Yanga. Sisi tunaorudi sasa tunakuta jiji la Dar es Salaam limegawanyika rangi, tiketi inalipiwa kwa N-Card, kadi ya malipo ya kielektroniki, na ule uwanja tuliouacha ukiitwa wa Taifa tangu 2020 ni Benjamin Mkapa. Vijiweni wanasema "kwa Mkapa" au Lupaso, kijiji alikozaliwa mzee.

Hayo unayazoea kwa siku mbili. Mtihani ni kesho yake asubuhi, ukiwa na kahawa mkononi, mtu anapokuuliza: "Kaka, timu umeionaje?"

Ukijibu kwa mabao umepotea. Agosti 2023 Simba iliifunga Power Dynamos ya Zambia 2-0 kwenye tamasha. Wiki chache baadaye ratiba ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikawakutanisha tena: 2-2 kwao Ndola, 1-1 kwetu Chamazi. Simba ikapita kwa faida ya mabao ya ugenini tu, kwa jasho. Wageni walikuwa wale wale.

Tofauti ni kwamba kwenye tamasha mgeni hana cha kupoteza, hivyo haweki mguu pale mguu unapoumia. Sabu nazo, yaani mabadiliko ya wachezaji, ni za makubaliano. Kocha anaweza kubadilisha karibu kikosi kizima mapumziko, kwa hiyo anayesema "kipindi cha pili tumekata pumzi" huenda ameangalia timu mbili tofauti. Halafu kuna miguu mizito. Kambi ina mazoezi asubuhi na jioni, na makocha wengi hawapunguzi dozi kwa ajili ya sherehe. Winga aliyeshindwa kumpita beki mara tatu anaweza kuwa amechoka tu, si kwamba usajili umebugi. Ongeza utambulisho: wachezaji wanapasha misuli, kisha wanasimama kuitwa mmoja mmoja, misuli inapoa. Akishika nyuma ya paja dakika ya 60, msianze kumwita pancha, mtu wa majeraha kila siku.

Cha kuangalia ni sekunde tano baada ya kupoteza mpira. Nani anageuka mara moja, nani anainua mikono kulalamika? Tabia hiyo haifichwi na uchovu wala sherehe. Kisha pima umbali kati ya beki wa kati na mshambuliaji timu inapokaba juu. Mita 30 hadi 35 ni sawa. Washambuliaji wakienda kumsumbua kipa huku mabeki wamebaki karibu na boksi lao, kiungo mkabaji anaachiwa shamba zima alilime peke yake, na mpinzani mwenye pasi moja nzuri anapita katikati. Hili mtu wa jukwaa la mzunguko, aliyekaa juu, analiona kuliko mtazamaji wa televisheni, maana kamera inafuata mpira. Waliozoea kutazama kwa simu huko ughaibuni wajilazimishe kuuacha mpira kwa macho, walau dakika kumi.

Kona yetu ikipigwa, hesabu waliobaki nyuma. Mabeki wa kati wote wawili wakipanda, wabaki angalau wawili wenye mbio na mmoja wa kusimama nje ya boksi kuokota mpira wa pili. Wakipungua hapo, bao la kushtukiza linakuja tu, liwe la Agosti au la Februari.

Mchezaji mpya umtazame mguso wa kwanza: mpira unaenda mbele au unarudi alikotoka? Chenga inayoamsha jukwaa haina uzito hapo. Kipa naye, subiri abanwe ndipo umhukumu kwa pasi zake fupi.

Wengine watakwambia kipimo cha kweli ni Ngao ya Jamii, kombe la kufungua msimu, kwa sababu kuna kombe na kuna mtani. Ni kipimo kigumu zaidi, ndiyo, ila nacho kina mipaka. Tarehe 13 Agosti 2023, Mkwakwani Tanga, watani walitoka 0-0 na Simba ikaibeba Ngao kwa penalti 3-1. Tarehe 5 Novemba, kwenye ligi, Yanga ikashinda 5-1. Siku mbili baadaye kocha aliyeibeba ile Ngao hakuwa na kazi Msimbazi, nyumbani kwa Simba.