Mackinnon Road orofani Lamu: njia imelala, Garratt imeanza kusimama

Kwa aliyeingia katikati ya safari: ninajenga mfano mdogo wa stesheni ya Mackinnon Road, iliyo kwenye reli ya Mombasa hadi Nairobi, kwa kipimo cha 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87), orofani kwetu Langoni, juu ya mbao zilizobaki kwenye kazi ya milango. Mchana nachonga milango, usiku nachonga treni. Lamu haijapata kuwa na reli. Ile ya LAPSSET, mradi wa bandari, barabara na reli, ingali kwenye ramani, ingawa gati la kwanza la bandari lilifunguliwa 2021. Basi watu wakisikia habari hii hucheka kwanza, kisha hupanda ngazi kuja kuangalia.

Nimeulizwa sana kwa nini Mackinnon Road na si Mombasa au Nairobi. Mombasa ina njia nyingi mno, ningezeeka nikizilaza. Na Mackinnon Road ina kitu ambacho stesheni nyingine hazina: kaburi la Sayyid Baghali Shah na msikiti wake, kando kabisa ya reli. Alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Bara Hindi, na hadithi yake inajulikana pwani nzima, ile ya karai la udongo lililokuwa likielea juu ya kichwa chake huku wenzake wakilemewa na yao. Mpaka leo wasafiri wa barabara ya Nairobi husimama pale kusali. Kwa hiyo kwenye ubao mmoja napata reli, barabara, msikiti na nyika ya Taru.

Njia sasa imelala yote. Reli ya zamani ilikuwa na upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ya kununua iliyo karibu na hapo ni ya milimita 12. Hiyo nusu milimita nimeisamehe. Kuna rafiki anayenisukuma nijenge Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, kwa kuwa upana wa reli hiyo mpya, milimita 1,435, unaingia vizuri kwenye reli ya 16.5 inayouzwa kila mahali. Kweli, ingekuwa rahisi. Lakini mimi treni ninayoitaka ni ile iliyokuwa ikitoa moshi.

Kazi iliyonila muda ni mataruma, vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli. Jirani yangu, mzee aliyekuwa faya wa treni, yaani mchochea moto wa injini, Mombasa ujana wake, alipanda siku ya kwanza akaona vipande vyangu vya mbao vimepangwa, akatikisa kichwa. “Mwanangu, usinitilie mbao kwenye ndia hiyo. Kule kuna mchwa. Sisi tulipita juu ya chuma.” Ni kweli, wajenzi wa reli ya Uganda, ndiyo hii ya kutoka Mombasa, walitumia sana mataruma ya chuma, na sababu moja kubwa ilikuwa mchwa. Sasa nifanye nini, na mimi chuma sina, nina mbao? Nilichonga mbao ziwe chuma. Kila taruma ni ufito wa milimita 21 hivi. Napiga msasa mgongo wake mpaka uwe na mbinuko, kisha kwa tupa ndogo nateremsha ncha zote mbili, kwa sababu taruma la chuma ncha zake huinama na kuzama ndani ya kokoto. Halafu rangi nyeusi, na juu yake kahawia ya kutu iliyopakwa kwa kitambaa kikavu. Fundi seremala mzima naficha mbao yangu isionekane kuwa mbao! Mzee alizigusa kwa ukucha, akanyamaza, akaomba kahawa. Kwake hiyo ni sifa.

Kokoto ni vumbi la mawe lililochekechwa kwa kipande cha chandarua. Udongo mwekundu ni wa Taru hasa: niliomba msafiri mmoja anichotee, akaniletea ndani ya mfuko wa sukari. Nyumbani kidogo utiwe kwenye chai.

Umeme unanisumbua tangu kusi lianze kuvuma. Treni ya namna hii hupokea volti 12 kupitia reli zenyewe, chuma cha kushoto waya mmoja na cha kulia waya mwingine, na magurudumu ndiyo yanayobeba umeme kwenda kwenye mota. Upepo wa chumvi unaweka utando juu ya reli, injini ya kujaribia inakwenda shibiri moja inasimama, unaigusa, inakwenda tena. Viungo vya reli ndivyo vibaya zaidi. Nimeamua kutoviamini kabisa: kila kipande cha reli nimekilehemu waya wake chini ya ubao, na juu napangusa kwa spiriti kabla ya kuwasha. Wanaoishi bara hawayajui haya.

Sasa Garratt, ile injini kubwa ya mvuke. Ninayoijenga ni ya aina iliyoitwa daraja la 59, zile 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester na kuletwa Afrika Mashariki 1955 na 1956. Zilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, zikipewa majina ya milima, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita 1 iliyozipita nguvu. Ukubwa huo ungekwama kwenye kona kama ungekuwa mwili mmoja. Ndiyo maana Garratt ina seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, kila moja na pistoni zake na tangi juu yake, na boila imening’inia katikati kama jeneza lililobebwa na watu wawili. Kwenye kona kila seti hugeuka kivyake.

Boila yangu ni bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 25. Nimelizungushia karatasi ngumu lifike unene unaotakiwa, na mikanda ya boila nimekata kwenye kopo la maziwa. Urefu wa injini nzima utakuwa sentimita 36 na nusu. Matangi ni mbao, hapo sikujifunga, hiyo ndiyo kazi yangu. Chasisi mbili zinatoka kwa binamu aliye Hamburg, ni za treni ndogo za Kijerumani. Magurudumu yake ni madogo kidogo kuliko haki. Naliona hilo na nitaishi nalo.

Nambari itakuwa 5918, Mount Gelai, kwa kuwa yenyewe ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi na picha zake ni nyingi. Mzee hakupendezwa. “Gelai uko Tanzania,” akasema. Nikamjibu reli wakati huo ilikuwa moja, ya nchi zote tatu. Akakubali, kisha akanieleza walivyokuwa wakisafisha mabomba ya boila. Injini hizi zilichoma mafuta, si makaa, na masizi yaliganda ndani. Faya hurusha mchanga tanurini kwa mkono, moshi unauvuta, unakwangua masizi yote. “Nyuma yetu kukawa usiku, abiria wakifunga madirisha wakitutukana.” Moshi huo nitautengeneza kwa pamba.

Barabarani, mbele ya msikiti, nimeegesha Peugeot 404 nyeupe, gari lililoshinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mlango wa dereva uko wazi, na dereva yuko msikitini anasali. Msikiti wenyewe naujenga kama nilivyouona mimi nikiwa kwenye basi, si kama ulivyokuwa miaka ile. Wenye kushikilia miaka wanivumilie.

Chasisi zimefika Mombasa. Zikipakiwa basi la asubuhi, jioni ziko Mokowe, na kutoka hapo ni boti tu. Nitaanza na ya mbele.