Hata salamu hatujamaliza

Jana shangazi kanikumbatia, akanibana mkono juu ya kiwiko kama fundi anayekagua kitambaa. "Heh! Umenenepa wewe!" Hata shikamoo yangu hajaiitikia.

Mwaka juzi nilipokonda baada ya kuugua, huyuhuyu aliniuliza, "Kwani mumeo hakutunzi?" Yaani nikinenepa nimejiachia, nikikonda nina matatizo ya ndoa. Kaka yangu kitambi kinamtangulia mlangoni, naye anaitwa bosi.

(Na nyie wa kunitajia BMI, kile kipimo cha uzito kwa urefu: kanuni hiyo aliibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet, karne ya 19. Mtu wa hisabati na nyota, si daktari. Alikuwa akitafuta wastani wa watu wengi, si kunipima mimi.)

Ningelimeza kama kawaida. Ila usiku nimemkuta binti yangu, miaka 9, mbele ya kioo. Amevuta tumbo ndani, amebana pumzi mpaka macho yamemtoka. "Mama, na mimi nitanenepa?"

Leo shangazi kapiga simu. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Mwili wangu tuuache, tuongee mengine." Kimya. Kisha akauliza kama nimekasirika.

Nikasema ndiyo.