Bwawa langu linapenda samaki wa kijivu

Nilichimba bwawa kwa ubahili tu. Ndani nilikuwa na matangi manne ya kioo ya kufugia samaki, kila moja na pampu yake, kichujio chake na kipasha joto chake, na kila wiki nilibeba ndoo za maji kama mfungwa. Nje kuna jua la bure na viluwiluwi vya mbu vya bure. Nikachimba shimo la mita mbili kwa tatu, kina sentimita 60, nikatandika turubai la plastiki, nikajaza maji na kuyaacha wiki tatu yakomae. Kisha nikawahamishia humo gapi wangu, samaki wadogo wa mapambo: majike 12 na madume wanne, wekundu kuanzia mabegani hadi ncha ya mkia. Wekundu ule ulinigharimu miaka miwili ya kuchagua na kutenga.

Kosa la kwanza nalisema haraka kwa sababu bado linaniuma. Nilishona kizimba cha vifaranga wa samaki kwa kipande cha chandarua, nikakitumbukiza bwawani jioni. Kilikuwa chandarua cha dawa. Dawa ile haitusumbui sisi tunaolala chini yake, lakini kwa samaki ni sumu kali. Asubuhi vifaranga wote walikuwa chali, na wakubwa watatu wanazunguka kama vishada vilivyokatika uzi. Nikamwaga maji yote, nikaanza upya.

Maji yakatulia, majike wakanenepa. Gapi hatagi mayai, huzaa watoto wanaoogelea papo hapo. Siku zikikaribia, doa jeusi la nyuma ya tumbo hukua na tumbo lenyewe huwa na pembe kama kisanduku. Nikaviona visanduku, wiki iliyofuata nikaona vimenywea. Vifaranga? Hata mmoja. Mwezi wa pili, vilevile. Jike mkubwa huweza kuzaa 20 hadi 50 kila baada ya wiki nne hivi, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa inadai mamia.

Nikawalaumu mama zao, maana ni kweli gapi hula watoto wao. Nikatupia magugu maji ili vifaranga wajifiche mizizini. Wapi! Ndipo usiku mmoja nikaenda na tochi, nikalala kifudifudi ukingoni. Kwenye mzizi mmoja kulikuwa na kitu cha rangi ya tope, kirefu kama kiungo cha kidole, kimetulia tuli. Kifaranga kikapita mbele yake. Sikuona mwendo wowote. Niliona tu kwamba kifaranga hakipiti tena, kimebanwa mdomoni, mkia bado unapepea. Alikuwa mtoto wa kereng'ende. Mdomo wake wa chini hukunjwa chini ya uso kama mkono, na akitaka kitu huufyatua mbele ukiwa na kulabu mbili nchani. Yule mdudu mzuri anayepaa juu ya maji mchana, niliyekuwa nampiga picha, kumbe alikuwa akishuka kutaga. Nilichekecha mizizi yote kwa chujio la jikoni nikatoa 43. Wiki mbili baadaye nikatoa tisa wengine, na bado.

Kwa hiyo vifaranga wakaanza kuonekana, nami nikajiona fundi. Furaha yangu ilidumu miezi mitano. Kila nilipochota kwa kimia, wekundu walikuwa wachache zaidi na wa kijivu wengi zaidi. Nilidhani ni chakula, nikadhani ni jua. Kumbe mdiria, ndege mla samaki, alikuwa na tawi lake juu ya bwawa, na mimi nilikuwa nimemwandalia sahani ya samaki wanaoonekana kutoka mbali. Dume mwekundu akijitanua mbele ya jike, kwa mdiria ni kama amewasha taa. Wa kijivu, mwenye madoa mawili matatu, anabaki kuzaa.

Mwaka 1980 mwanabiolojia John Endler alichapisha majaribio yake juu ya gapi wa kisiwa cha Trinidad, na niliposoma habari zake nilicheka peke yangu. Alipowaweka kwenye mabwawa pamoja na samaki hatari anayewawinda, baada ya vizazi kadhaa madoa ya rangi yalipungua na kuwa madogo. Pasipo adui huyo, madoa yaliongezeka. Yeye alifanya makusudi. Mimi nimelirudia jaribio lake bila kutaka, tena kwa gharama zangu.

Na hata ukimfukuza mdiria, dume mmoja wa kijivu ameshaharibu mambo. Jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, akaendelea kuzaa hata kama hakuna dume karibu. Kumwondoa baba leo hakusaidii kitu; watoto wake wanakuja mwezi ujao na mwezi wa mbele yake.

Kuna na habari ya maji ya kijani, yaani yaliyojaa mwani, nisiisahau. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku huitumia, kwa hiyo saa mbaya ya bwawa ni ile kabla ya mapambazuko. Ukikuta samaki wote wamepanga midomo juu ya maji wanatweta, usiwape chakula kwa huruma. Washa pampu. Kwa hiyo ndiyo, pampu nimerudi kuinunua.

Sasa bwawa limefunikwa wavu uliokazwa, na kazi yake ni kukuzia tu. Kuchagua kumerudi ndani. Vifaranga nawatenga kabla ya wiki ya nne, mara tu pezi la chini la madume linapoanza kuchongoka. Jana nilihesabu bwawani madume wekundu wanne. Mmoja anaishi chini ya jani moja pana na hatoki mpaka kivuli cha ndege kipite. Ilinichukua nusu saa kumnasa. Sasa yuko ndani, na majike watatu ambao hawajawahi kuona dume.